Re: Tumkumbuke vipi Mama Barbro?

Ndugu zangu mlioko Uswidi, habari za kazi.

Dada, swali lako la kumkumbuka Mama Barbro Johansson limenigusa. Picha na hotuba ziwepo, lakini mimi naomba tuongeze jambo moja: kila mwenye mtoto wa shule amwandikishe somo la Kiswahili.

Kwa vijana waliozaliwa huku: Mama Barbro alikuwa mmisionari Mswidi, akafika Tanganyika mwaka 1946 na kufanya kazi upande wa Bukoba. Huko alishiriki kuanzisha shule ya kati ya wasichana Kashasha. Enzi hizo shule ya kati ilikuwa darasa la tano hadi la nane, na binti aliyefika huko alikuwa amewapita wenzake wengi mno. Inaniuma kwamba leo ukitafuta Kashasha kwenye intaneti unaletewa kile kicheko kisichozuilika cha 1962 tu, kilichowapata wanafunzi 95 kati ya 159 mpaka shule ikafungwa. Kazi iliyofanyika pale kwa mabinti wale haitajwi.

Mwaka 1959 aliingia Baraza la Kutunga Sheria akiungwa mkono na chama cha TANU, katika uchaguzi ule ambao kila mpiga kura alipiga kura tatu: kwa Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja, Mwasia mmoja. Baadaye akachukua uraia wa kwetu, akawa pia mkuu wa shule ya wasichana Tabora. Alifariki 1999. Alikuwa mgeni kama sisi tulivyo wageni huku, na lugha yetu akaifanya yake. Sisi tunaiacha ife mezani kwetu wenyewe.

Sasa utaratibu. Manispaa inatakiwa kutoa somo la modersmål, yaani lugha ya nyumbani ya mtoto, wakipatikana wanafunzi watano wa lugha hiyo wanaolitaka, na mwalimu anayefaa. Watano hao ni wa manispaa nzima, si wa shule moja! Wazazi wengi wanaambiwa mtoto wao yuko peke yake shuleni, wanarudi nyumbani kimya. Mtoto awe anakitumia Kiswahili kila siku nyumbani na awe na msingi wake, kwa hiyo tuanze kuongea nao leo. Maombi anajaza mzazi, kwa manispaa au shuleni, kutegemea mahali mnapoishi. Tuyapeleke kwa pamoja ili idadi ionekane. Na walimu mliomo humu, jitokezeni, maana bila mwalimu hata watoto ishirini hawasaidii.

Kaka yenu, Västerås

---

Shikamoo kaka. Asante sana, la manispaa nzima sikulijua kabisa. Huku Uppsala nina wangu wawili, na jirani ana mmoja wa darasa la nne. Bado wawili. Nani mwingine yuko huku, au anamfahamu mzazi ambaye hayumo kwenye orodha hii? Fomu naichukua Jumatatu. Mama yangu mkubwa alisoma Kashasha, nitamwomba atuandikie machache ya kusoma siku ya kumbukumbu.