Mabamba ya mkanda ya Ordos: ni nani hasa waliyasubu?

Mwalimu_Historia ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Hivi karibuni nilitembelea makumbusho moja ya Ulaya na nikasimama kwa muda mrefu mbele ya mabamba mawili ya mkanda yaliyosubiwa kwa bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na stani. Kila bamba lilikuwa na ukubwa wa kiganja, na juu yake alichorwa chui milia akimng'ata kondoo shingoni. Mabamba hayo yalikuwa yakitazamana, moja la kushoto na jingine la kulia. Maelezo yaliyobandikwa chini yake hayakuzidi mstari mmoja: "Ordos, wafugaji wa kuhamahama, karne ya 4 hadi ya 1 KK". Hapakutajwa kaburi wala kijiji, wala mtu aliyezikwa nayo.

Ninajua kwamba Ordos ni nchi iliyo ndani ya kona kubwa ya Mto Huang He, kaskazini mwa China. Ninajua pia kwamba Sima Qian, mwanahistoria wa enzi ya Han, aliwaeleza Waxiongnu, wafugaji wa nyika za kaskazini mwa China, kuwa watu wanaofuata maji na malisho, wasio na miji yenye kuta, ambao watoto wao hujifunza kupanda kondoo na kulenga ndege na panya kwa mishale kabla hawajapanda farasi. Ninachoshindwa kuelewa ni hiki: watu walioishi kwa kuhama waliwezaje kusubu kazi nyembamba na safi namna ile, inayohitaji tanuri, kalibu na fundi aliyetulia mahali pamoja? Au walinunua kwa Wachina? Na je, wanyama wale wanaoumana walikuwa na maana ya imani, au yalikuwa mapambo tu?

Kalibu amejibu:

Mwalimu, nashukuru kwa swali hili, kwa sababu limegusa mahali ambapo maelezo mengi ya makumbusho hunyamaza.

Kwanza, jina lenyewe. Neno "Ordos" lilienea mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wakati vitu hivi vilipokuwa vikiuzwa kwa wingi na wafanyabiashara wa vitu vya kale. Vilitoka sehemu nyingi za mpaka wa kaskazini, toka mikoa ya Ningxia na Gansu upande wa magharibi hadi milima iliyo juu ya Beijing, na vyote vikapewa jina moja la nchi moja. Kwa hiyo maelezo uliyoyasoma yanatueleza mtindo wa kitu, lakini hayatuelezi kitu kilitoka wapi.

Pili, ufundi. Ungepata nafasi ya kuligeuza bamba lile, ningekuomba utazame mgongo wake kabla ya uso. Katika mabamba mengi ya aina hii, mgongo una alama za nyuzi za kitambaa zilizogandishwa ndani ya metali. Fundi alikuwa akitengeneza umbo la nta ndani ya kalibu, na kwa kuwa nta ilikuwa nyembamba mno, aliipachika kitambaa nyuma ili isivunjike. Kisha aliifunika yote kwa udongo na kuichoma. Nta ikayeyuka, kitambaa kikaungua, na metali iliyomiminwa ikachukua nafasi ya vyote viwili, pamoja na alama ya kila uzi. Njia hii iliokoa metali na kulifanya bamba liwe jepesi, jambo lenye thamani kwa mtu anayevaa mali yake kiunoni akiwa juu ya farasi.

Sasa, nani alikuwa fundi? Ushahidi unaonyesha pande zote mbili. Huko Xigoupan, ndani ya Ordos yenyewe, kaburi moja lilitoa mabamba mawili ya dhahabu yenye chui milia na nguruwe mwitu wakipigana. Picha ni ya nyikani kabisa, lakini mgongoni pameandikwa uzito kwa herufi za Kichina. Na mwaka 1999, katika viunga vya kaskazini vya mji wa Xi'an, wanaakiolojia walifungua kaburi la fundi wa kusubu wa karne ya 3 KK hivi, aliyezikwa pamoja na vielelezo vyake vya udongo. Miongoni mwavyo vimo vya mabamba ya mkanda yenye wanyama wa mtindo wa kaskazini. Huyu alikuwa mtu wa mjini, katika nchi ya Qin, moja ya falme za China za wakati huo, na alikuwa akijua vizuri mteja wa nyikani anapenda nini.

Hata hivyo, si haki kuhitimisha kwamba wafugaji walikuwa wanunuzi tu. Kule Maoqinggou, katika Mongolia ya Ndani, makaburi ya karne ya 6 na ya 5 KK hivi yametoa mabamba ya bronzi ambayo uso wake umepakwa stani hadi ukang'aa kama fedha. Ni ufundi wa makusudi, na ni wa zamani kuliko kaburi la yule fundi wa Xi'an. Isitoshe, ukirudi nyuma hadi mwaka 1200 KK hivi, katika kaburi la Fu Hao, mke wa mfalme wa enzi ya Shang ya China, lililogunduliwa Anyang mwaka 1976, utakuta kisu chenye kichwa cha mnyama pamoja na vioo vya bronzi vya mtindo wa kaskazini. Wakati huo mtindo ulikuwa ukishuka kusini, kuingia jumba la mfalme. Mwaka 307 KK mfalme Wuling wa Zhao, ufalme mwingine wa China, aliwaamuru watu wake wavae suruali na kupigana juu ya farasi kama watu wa kaskazini. Mpaka huu ulipitisha vitu na fikra kwa kwenda na kurudi, kwa miaka elfu moja na zaidi.

Binti_Makumbusho amejibu:

Nakubaliana na Ndugu Kalibu, ila naomba kuongeza habari za makaburi, kwa sababu bamba lililochimbwa na wanaakiolojia husema mambo ambayo bamba la sokoni haliwezi kusema kamwe.

Chukua makaburi ya Daodunzi, huko Ningxia. Mabamba ya mkanda ya pale yalikutwa pamoja na sarafu za wuzhu, na sarafu hizo zilianza kusubiwa na serikali ya Han mwaka 118 KK. Basi kaburi haliwezi kuwa la kabla ya mwaka huo. Bamba lilelile likitolewa na kuuzwa peke yake, tunabaki kukisia kwa mtindo.

Au chukua makaburi ya Dyrestuy, kusini mwa Ziwa Baikal, nchini Urusi. Vitabu vya zamani vilizoea kuandika "mkanda wa shujaa", kana kwamba kila bamba lilikuwa la mwanamume mwenye upinde. Pale Dyrestuy mabamba makubwa yalikutwa viunoni mwa wanawake. Jambo hili linanigusa sana, maana kwa miongo mingi wanawake hawa walifutwa na maelezo ya mstari mmoja kama yale aliyoyasoma Mwalimu.

Kuhusu kuhama na kutulia: si mbali na hapo kuna Ivolga, makazi ya Waxiongnu yaliyozungukwa na boma, yenye nyumba, dalili za kilimo na karakana za metali. Sima Qian aliandika aliyoyaona mtu wa jumba la mfalme wa Han, na tunamshukuru kwa hayo, lakini hakuweka wazi kwamba dola ya wafugaji ilikuwa na wakulima na wahunzi wake ndani.

Mwalimu_Historia ameandika:

Nimenufaika sana. Nilikuwa nimejenga swali langu juu ya dhana kwamba anayehama hawezi kuwa na karakana, na sasa naona dhana hiyo ndiyo iliyonipotosha. Limebaki lile la imani.

Kalibu amejibu:

Mwalimu, hapo natembea polepole, kwa sababu watu wenyewe hawakuacha maandishi ya kutueleza. Ila kuna jambo moja linalonifanya nisikubali neno "mapambo tu". Mwaka 1957, kule Nalin'gaotu mkoani Shaanxi, ilipatikana sanamu ndogo ya dhahabu ya mnyama mwenye mwili wa farasi au kulungu, mdomo wa ndege mla nyama, na pembe ambazo kila ncha yake ni kichwa cha ndege. Katika milima ya Altai, karibu kilomita 2,000 kutoka hapo, mwanaakiolojia Mrusi Sergei Rudenko alifungua makaburi ya Pazyryk yaliyohifadhiwa na barafu, na juu ya ngozi ya mtu aliyezikwa humo akakuta mnyama wa namna hiyohiyo amechanjwa. Mtu anaweza kubadili mkanda kesho, lakini chale za mwilini atazikwa nazo.

Tena, Mongolia ina mawe zaidi ya 1,000 yanayoitwa mawe ya kulungu, na baadhi ya maeneo yake yaliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2023. Jiwe limesimamishwa kama mtu: juu kuna hereni, katikati kulungu wanaoruka, chini kuna mkanda, na kwenye mkanda huo vimening'inia visu na majambia ambayo tunayafahamu kutokana na bronzi zenyewe. Waliochonga mawe hayo, karne nyingi kabla ya Waxiongnu, waliona kwamba mtu anatambulika kwa mkanda wake hata uso usipochongwa.

Ukipata nafasi ya kurudi kwenye makumbusho yale, waombe wahifadhi wakuonyeshe picha ya mgongo wa bamba. Kama nyuzi za kitambaa zipo, tafadhali zihesabu kwa kila sentimita, zile za wima na zile za mlalo, kisha utuletee hapa.