Kuzunguka Beacon Hill, Boston, mwenyewe kwa mguu

mtoto_wa_tanga: Wakuu habari zenu, Jumamosi niko Boston siku moja tu, nataka kuzunguka Beacon Hill mwenyewe bila kulipia mtu wa kutembeza wageni, nianzie wapi?

dada_boston: Karibu sana mdogo wangu. Shuka treni Park Street, panda kilima kidogo tu unaiona State House (jengo la bunge la jimbo) yenye kuba la dhahabu, ya mwaka 1798. Ng'ambo ya barabara kuna sanamu ya shaba ya kikosi cha 54, wanajeshi weusi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, angalia nyuso zao, kila mmoja ana sura yake, mi nikifika pale nasimama kimya kabisa. Halafu Acorn Street, vaa raba maana chini ni mawe ya mtoni yanateleza.

babu_kahawa: Naongezea hapo, watu wengi wanapiga picha Acorn na Louisburg Square kwa matajiri (ile bustani ya katikati imefungwa, ni ya wenye nyumba) wanaondoka zao, wanakosa upande wa kaskazini wa kilima walikoishi weusi huru. Teremka Joy Street mpaka African Meeting House, kanisa la zamani la weusi la 1806, humo ndimo kilianzishwa chama cha kupinga utumwa mwaka 1832. Nyumba ya Lewis na Harriet Hayden iko Phillips Street, walificha watumwa waliotoroka. Itazame kwa nje tu, wanaishi watu.

mtoto_wa_tanga: Asanteni jamani. Na vile vioo vya zambarau vya madirisha ninavyovisikia, viko wapi?

dada_boston: Beacon Street, barabara hiyohiyo ya State House, inua macho madirishani. Vilikuja na manganizi (aina ya madini) ndani, jua likavibadili rangi.