Meno ya kauri: mbona hakuna anayekwambia jino likishachongwa halirudi?

Wakuu, nina dukuduku la miaka minne, ngoja nilitoe.

Nilikuwa na meno mazima. Mwanya katikati na jino moja la mbele limepinda, basi. Mwanya wenyewe mama alikuwa anausifia. Nikaingia kliniki, nikashikishwa kile kibao cha sampuli, vijino vimepangwa kutoka vya manjano hadi vyeupe pe, nikaulizwa napenda kipi. Nusu saa tunajadili weupe. Kuchonga kulitajwa mara moja tu: "Tutapunguza kidogo."

Kidogo! Vinia, vile vigamba vya kauri vinavyogandishwa mbele ya jino, mara nyingi hukwanguliwa kama nusu milimita. Hiyo ni enameli, lile ganda gumu la nje la jino, na mwili hauioteshi tena. Ila lile lililopinda na jirani yake yalivishwa kofia nzima, yaani kauri inayofunika jino lote, na kofia hula milimita 1 hadi 2 kuzunguka jino lote. Ganzi haijaisha, nikaomba kioo. Nikaona visiki viwili vya njano, vyembamba, kama penseli zilizochongwa. Machozi yalinitoka palepale kwenye kiti. Sasa hapo unasema umeghairi, unaenda wapi na visiki?

Mwaka wa kwanza nilipiga picha nyingi, sikatai. Kisha maji baridi yakaanza kunipiga shoti hadi sikioni. Kisiki kimoja kikafa ndani, wakatoboa kofia yangu mpya ili watibu mzizi. Yaani nimelipia kofia, halafu nimelipia itobolewe!

Tena mimi nasaga meno usingizini. Hakuna aliyeniuliza. Asubuhi moja ulimi ukakwaruzwa, kumbe ukingo wa vinia umemeguka. Kipande sikukiona, nadhani nilikimeza. Kauri ni ngumu lakini ndugu yake ni sahani, haipindi, inakatika. Ndipo nikaambiwa nivae kinga ya plastiki usiku. BAADA ya kumeguka! Na kauri ikipoteza mng'aro inayala meno ya chini kama tupa.

Fizi nazo zimepanda. Sasa mpaka unaonekana, kauri inaishia hapa, jino langu linaanzia pale, rangi mbali mbali. Nikataka kuyang'arisha yote yafanane, naambiwa dawa ya kung'arisha haigusi kauri. Na wanaojipa moyo kwamba kauri haiozi: ni kweli haiozi, ila jino lililo chini yake linaoza, na uozo unaingilia hapohapo kwenye mpaka, usiuone mpaka mambo yaharibike.

Jino lililovunjika au lililotibiwa mzizi, kofia huliokoa, hilo sibishani nalo. Hasira yangu ni jino zima kugeuzwa kisiki wakati lingenyooshwa kwa waya, na mwanya ungezibwa kwa ile dawa ya kujazia yenye rangi ya jino bila kukwangua kitu. Hayo hayakutajwa hata kwa bahati mbaya.

Wanasema hudumu miaka 10 hadi 15. Nina miaka 31. Nipigieni hesabu, nitabadilisha mara ngapi, na kila mara kisiki kinabaki kiasi gani? Maana kofia hii haivuliwi, inasagwa kwa mashine mdomoni ipasuke vipande. Alhamisi wanasaga ya kwanza.