Kisiwa cha Brownsea mwezi wa kumi, kindi wekundu wanaonekana kweli?

MamaNasra_Reading
Habari zenu wadau. Hafu-temu (likizo fupi ya shule katikati ya muhula) inakuja na watoto wananisumbua wanataka kuona wanyama ila sio zuu, nimesikia kuna kakisiwa kule Poole, Dorset, kusini mwa Uingereza, kanaitwa Brownsea kana kindi wekundu, sasa nauliza kwa aliyewahi kwenda, kwenda na kurudi siku moja inawezekana bila gari? Na mwezi wa kumi si baridi itatumaliza? Mama mkwe yupo naye, magoti yanamsumbua.

Kijana wa Pangani
Dada nenda, tena mwezi wa kumi ndo wenyewe. Kindi hawalali msimu wa baridi kama wanyama wengine, kwa hiyo majani yakianza kudondoka wanahangaika chini kutwa nzima wanafukia njugu na chestinati (aina ya kokwa za miti), huku juu miti imepungua majani unawaona vizuri. Kiangazi wanajificha juu huko unaambulia shingo kuuma tu. Treni inakushusha Poole, unatembea kidogo mpaka gatini, boti kama nusu saa hivi. Shika boti ya kwanza asubuhi maana saa saba kisiwa kimejaa watoto wanapiga kelele na kindi wamepanda juu zao. Ukifika usizunguke zunguke, kaeni kwenye miti karibu na kanisa mtulie, watakuja. Halafu kisiwa wanafunga msimu ukiisha, kati ya mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba, so angalia tarehe kwenye tovuti ya National Trust, shirika linalokitunza kisiwa, kabla hujakata tiketi ya treni. Ukiwa memba wao kiingilio bure ila boti unalipa mwenyewe.

daktari_wa_mtaa
Wasiguse wala kulisha kindi. Sio utani, mwaka 2016 watafiti walitangaza kuwa kindi wa Brownsea wamekutwa na vijidudu vya ukoma, na vinafanana na vile vilivyotoka kwenye mifupa ya watu wa Ulaya wa zama za kati, yaani karne na karne wanyama wamekaa navyo kimya. Hatari kwa mtu anayewatazama kwa mbali ni ndogo mno, watu wanaenda kila mwaka, mimi mwenyewe nimepeleka wanangu.

MamaNasra_Reading
Ukoma tena 😳 haya, mikono mifukoni. Lakini hawa wa kijivu wamejaa bustanini kwangu, kwa nini wekundu mpaka nipande boti?

Kijana wa Pangani
Hao wa kijivu ni wageni, waliletwa kutoka Marekani karne ya 19, wanabeba virusi vya ndui ya kindi ambavyo wao haviwasumbui ila mwekundu akiambukizwa anakufa, na chakula pia wanawamalizia. Bahari ndo imewaokoa wa Brownsea. Kusini huku ukiacha hapo labda uende kisiwa cha Isle of Wight.

Mzee Domomwiko
Mnaongelea kindi tu jamani na ndege je?? Upande wa kaskazini kuna bwawa la maji ya chumvi na vibanda vya kuangalizia, angalieni ratiba ya maji kabla ya kwenda, maji yakijaa ndege wote wa bandari ya Poole wanakimbilia humo kupumzika, yakitoka wanatawanyika kwenye tope mnabaki mnatazama maji matupu. Kuanzia otamu (msimu wa majani kudondoka) wanaanza kufika domomwiko weupe na wale avocet weusi na weupe wenye mdomo uliopinda kwenda juu, wale wale wa Nakuru. Beba darubini. Mama mkwe mkalishe kibandani humo, kuna benchi na upepo haumpati, ninyi mzunguke.

skauti_Nyeri
Hapo hapo ndipo Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipiga kambi ya kwanza ya majaribio Agosti 1907, na vijana kama 20 hivi. Sisi wa Nyeri tuna kaburi lake, alifia kwetu 1941. Mpige picha kwenye lile jiwe la kumbukumbu mniletee.

MamaNasra_Reading
Mmenimaliza 😂 picha utapata. Swali la mwisho, msosi? Na mbwa wa jirani tunaweza kwenda naye?

Kijana wa Pangani
Mbwa hawaruhusiwi, labda wale wa kusaidia walemavu. Mkahawa upo ukishuka tu kwenye boti ila foleni ya hafu-temu unaijua, pika chapati zako.