Ndoa za makabila na mataifa tofauti zilizopita kwenye misukosuko ya siasa: watu wa Tanga tupeane uzoefu

Wakuu, salaam aleikum.

Nimezaliwa Tanga mjini, Ngamiani. Baba Mjaluo wa Siaya, mama Mdigo wa Duga, kule njia ya Horohoro. Naomba wenye wazazi waliooana na mtu wa kabila au taifa jingine, au ninyi wenyewe mlio ndani ya ndoa hizo, mtueleze siasa ilipokuja kuitikisa nyumba ilikuwaje. Siku yenyewe ilipofika, nani alifanya nini? Naanza mimi.

Baba aliletwa Tanga na Shirika la Reli la Afrika Mashariki, fundi wa karakana. Alisilimu, akamuoa mama mwaka 1969. Enzi hizo Mkenya kufanya kazi Tanga lilikuwa jambo la kawaida, reli ilikuwa moja na posta moja. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa Februari mwaka huo na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Wenzake wengi walifunga virago wakarudi kwao. Yeye alibaki kwa ajili ya mke na watoto, akaomba uraia, na kila alipokwenda kuulizia aliambiwa asubiri. Karatasi zake mama alizifunga kwenye nailoni akazilaza chini kabisa ya sanduku la bati, juu yake doti za khanga. Mtu akibisha hodi usiku, mama ndiye aliyekwenda mlangoni.

Mwaka 1981 ukaja msiba. Mama yake baba amefariki Siaya. Habari aliileta mjomba wa mama kutoka Lungalunga, kwa baiskeli, marehemu ana siku kadhaa ardhini. Wadigo wako pande zote mbili. Mpaka ulifungwa, lakini wao waliendelea kupita mashambani, wakazikana na kuozana kama walivyozoea. Baba asingeweza kupita hivyo. Uso wake, lafudhi yake, vyote vingemsema, na akitoka bila kibali huenda asirudi tena. Kwa Wajaluo, mtoto wa kiume kutoonekana kwenye msiba wa mama yake ni jambo zito mno. Alikaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani na viatu vyake vya kazi, chai mkononi, mpaka ikafanya utando.

Mama akamwambia, "Nitakwenda mimi."

Alikuwa na mtoto anayenyonya. Alimfunga mgongoni, akapita kwa ndugu zake Duga hadi Lungalunga, akavuka Likoni, akapanda treni Mombasa mpaka Nairobi, halafu nyingine ya Kisumu. Kijaluo hakujua hata salamu. Huko wakamwita Nyar Tanga, yaani binti wa Tanga, wakamkalisha na wakwe wenzake, akatwanga na kuteka maji nao wiki tatu nzima. Aliporudi alikuwa na mtoto mgongoni, na kifuani kigoda cha bibi cha miguu mitatu, amekifunga kwa khanga kama mtoto wa pili. Baba alikipokea kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo sikumsikia tena akizungumzia kurudi Kenya.

Karibuni.

Mjukuu wa Muheza

Asante mkuu, umenigusa. Kwetu ilikuwa babu Mhindi, bibi Mbondei. Nduguze babu hawakukanyaga harusini. Walikuwa na jumba la ghorofa la ukoo pale mjini, chini duka la vitambaa, juu wapangaji. Aprili 1971 serikali ilipotaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, la kwao likamo. Nduguze wakaondoka mmoja mmoja, huyu Uingereza, yule Kanada. Wakamwandikia babu aende, ila atangulie peke yake, mke atafuata mambo yakitulia.

Bibi alielewa maana yake. Anasema hakumzuia wala hakumsihi, alimfulia nguo zake zote akazikunja. Babu alizitazama zile nguo kitandani siku mbili. Siku ya tatu akapakia cherehani kwenye basi la Muheza, wakahamia kwenye shamba la machungwa la mkwewe, akawa anashona sare za shule barazani.

Msako wa wahujumu uchumi wa 1983, wa kuwakamata walioshukiwa kuficha bidhaa, ulimfikia na huko. Mtu mwenye rangi ile na majora ya kitambaa ndani, mnajua ilivyokuwa. Mjomba wa bibi aliita watoto wa jirani waliovaa sare, akawapanga mbele ya askari, akawaambia kitambaa chenyewe ndicho hiki, hesabuni. Wakaondoka.

Bibi alizungumza Kikachi, lugha ya babu, hadi kufa kwake. Alikiokota kwa kumsikiliza babu akihesabu vifungo.

Shangazi Pongwe

Mtoa mada, baba yako alizikwa wapi? Maana hapo ndipo ndoa za namna hii hushikwa shati.

Mke wa Mpemba

Mimi ni Msambaa wa Lushoto, mume wangu Mpemba wa Micheweni, tunakaa Sahare. Januari 2001 alikwenda kwao kumuuguza baba yake. Tarehe 27 yakawa yale maandamano ya CUF, chama cha upinzani, watu wakauawa kwa risasi, na zaidi ya watu 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Siku kumi na moja sikujua kama yu hai.

Kwetu ni CCM tangu ya TANU. Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi. Kaka zangu walikuja wakasema nirudi nyumbani, huyo ameshachagua upande wake. Nasema kweli, nilianza kufunga mizigo. Baba yangu, balozi mwenyewe, ndiye aliyetoa nauli: nenda kamtafute mumeo.

Nilimkuta kwenye foleni ya chakula amevaa shati la mtu mwingine, limembana mabegani. Sikumtambua hadi aliponiita. Muafaka wa CCM na CUF ulitiwa saini Oktoba ile, lakini kwetu haukuisha kwa saini. Kaka yangu mkubwa alikaa miaka sita bila kula kwangu, na hilo bado linaniuma. Mimi na mume wangu kila mmoja anapiga kura yake, na hatuulizani.

Mtoa mada

Shangazi, umeuliza penyewe. Mzee alifariki 1998, na Jumuiya mpya iliyosainiwa mwaka uliofuata hakuiona. Tulimzika hapa hapa Tanga siku ile ile, kwa taratibu za Kiislamu, kama alivyousia. Ndugu zake walifika siku mbili baadaye wakiwa wamejiandaa kumpeleka Siaya. Baba mkubwa alikasirika, hakumsalimia mama. Alisimama uani tangu asubuhi, kila aliyemletea kiti akakataa.

Alasiri mama akaingia ndani, akatoka na kile kigoda, akakiweka miguuni pake. Mzee akakigeuza, akapapasa mguu mmoja ulioungwa kwa waya. Waya ule aliuweka yeye akiwa kijana. Akakaa. Akamwita mama, "Nyar Tanga," akaomba maji ya kunywa, kisha akataka kuoneshwa kaburi.

Kigoda kipo kwangu.