Tupeane uzoefu: pikapu ipi inadumu, na ni kitu gani hasa kinachoiua?

Springi_Saba (mwanzisha mada)

Wakuu, ubishi wa Hilux ya Toyota na D-Max ya Isuzu umekuwa kama Simba na Yanga, mtu ana upande wake kabla mpira haujaanza. Hapa naomba tuweke utaratibu. Anayesema gari fulani haifi, ataje injini. Hilux yenye injini ya 5L (ni jina la injini, si lita tano) na Hilux ya 1KD zina nembo moja mbele, ila haziharibiki kwa namna moja hata kidogo. Tajeni injini, dalili, chanzo na dawa. Bei ya spea tuiache, inabadilika kila ukiamka.

Naanza na 1KD-FTV, lita 3.0, ile ya Hilux Vigo za 2005 hadi 2015, kwa sababu ndiyo iliyojaa mitaani na ndiyo inayosingiziwa sana. Nozeli zake, yaani vinyunyizio vya dizeli, zimekaa ndani ya mfuniko wa valvu. Washa (pete ya kuzibia) ya chini ya nozeli ikishindwa kuziba, moshi wa mwako haupigi nje ukausikia mapema, unaingia kwenye oili. Masizi yanaganda kama lami, yanashuka kwenye sampo (beseni la oili chini ya injini), yanaziba chujio ambalo pampu ya oili inanyonyea. Presha inashuka taratibu. Taa ya oili inaanza kuchelewa kuzima asubuhi, mwenye gari anaiona na kuipuuza, kisha beringi za kranki zinakwenda. Baada ya hapo utasikia "Hilux imenoki ghafla". Ghafla gani, wakati masizi yamejikusanya miezi na miezi?

Dawa: washa hazirudiwi. Nozeli ikifunguliwa, hata kwa kusafishwa tu, washa mpya zote nne. Gari ya mkononi isiyo na historia, shusha sampo uangalie chujio kwa macho yako kabla hujaanza kuisifu. Ikishafungwa, oili ni lita 6.9 pamoja na filta.

Nozeli_Kavu

Nyongeza kwenye 1KD. Ina mkanda wa taimingi, si cheni. Taa ya T-BELT huwaka kwenye kilomita 100,000 au 150,000 kutegemea gari ilitengenezwa kwa soko gani. Tatizo ni kwamba taa ile inazimwa kwa kitufe cha dashibodi bila mtu kugusa mkanda. Kwa hiyo "taa haiwaki" si ushahidi wa chochote. Fungua kava la juu, angalia mkanda wenyewe, na ukibadilisha weka na tenshena na roli yake.

Ya pili: pistoni kupasuka. Nozeli inayomwaga dizeli badala ya kuinyunyiza inachoma sehemu moja ya kichwa cha pistoni. Utasikia kugonga kukali injini ikiwa baridi, moshi mweupe, na ukifungua kifuniko cha oili hewa inapuliza. Ukifika hapo usibadilishe nozeli peke yake. Pima na kompresheni.

Mjukuu_wa_Isuzu

Ndiyo maana sisi huku Nairobi tunasema Isuzu ni gari ya kazi. D-Max inaundwa hapa hapa Mombasa Road, na spea haziagizwi kwa maombi. 4JJ1 ya lita 3.0 ina cheni, hakuna cha mkanda wala taa ya mkanda. Inabeba, inakula mafuta kwa adabu.

Nozeli_Kavu

Boss, cheni ni kweli. Lakini kasoro zake mbona hujazitaja? 4JJ1 nayo nozeli zake zina mihuri chini ya mfuniko. Dizeli ikivuja humo inashuka kwenye oili. Kila unapochomoa kijiti cha oili asubuhi, angalia kama kiwango *kinapanda*. Oili haiongezeki yenyewe. Ikipanda na ina harufu ya dizeli, simamisha gari siku hiyo hiyo, kwa sababu oili iliyochanganyika na dizeli ni nyepesi na haishiki kwenye beringi. Watu wanafurahi kwamba "gari hailambi oili" kumbe imejaa mafuta.

Mtu_wa_Pampu

Ubishi wenu unanichekesha kidogo. 1KD ya Toyota, 4JJ1 ya Isuzu, YD25 ya Nissan Navara na 4D56 ya Mitsubishi L200 za sindano ya kompyuta, zote nne pampu ya dizeli ni ya kampuni moja, Denso. Ukizipanga mezani bila nembo, wengi humu hamtajua ipi imetoka gari gani. Ndiyo maana zina ugonjwa wa pamoja: SCV, ile valvu ndogo nyuma ya pampu inayopima dizeli inayoingia kwenye chumba cha presha.

Dalili zake: gari ikiwa imesimama inawaka, mlio unapanda na kushuka wenyewe. Kwenye mlima inakata nguvu, taa ya injini inawaka, ukizima na kuwasha upya inatembea kama haijawahi kuumwa. Fundi asiyejua atakuuzia nozeli nne. Chanzo kikubwa ni uchafu na maji kwenye dizeli, na filta ya bei ya chini inayopitisha vumbi.

Utaratibu: kwanza filta mpya na umwage maji kwenye kitenganishi cha chini. Pili, pima presha ya reli (bomba la presha linalogawa dizeli kwa nozeli) kwa kompyuta, linganisha presha inayotakiwa na iliyopo wakati mlio unacheza. Kama ile iliyopo inayumba huku na huku, badilisha SCV. Osha pampu nje kabla ya kuichomoa, chembe moja ya mchanga ikiingia humo umejiongezea kazi. Na baada ya kufunga, kompyuta ifutiwe kumbukumbu ya pampu ya zamani. Hatua hii ndiyo inayorukwa, kisha mtu anasema SCV mpya ni feki.

Mwaka 2015 sheria ya Afrika Mashariki ilishusha salfa ya dizeli hadi 50 ppm (sehemu 50 kwa milioni), kwa hiyo salfa si kisingizio tena kama zamani. Ila sheria ya salfa haiondoi maji yaliyo chini ya tanki la kituo cha mafuta, wala madumu ya barabarani.

Ranger_ni_Ranger

Mmeona? Ranger ya Ford haimo kwenye orodha hiyo ya ugonjwa.

Mtu_wa_Pampu

Haimo kwa sababu Ranger T6, ya lita 2.2 na 3.2, inatumia mfumo wa dizeli wa kampuni ya VDO. Na nozeli zake ni za piezo (zinafunguliwa kwa fuwele za umeme), ambazo karakana nyingi za pampu hazina vifaa vya kuzifufua. Ya Denso inafunguliwa, inawekwa valvu na ncha mpya, inarudi kazini. Piezo ikifa, wengi hununua mpya.

Ranger_ni_Ranger

Sawa, hilo nakubali. Lakini Ranger nyingi zinauawa na fundi wa oili, si na kiwanda. Hii naiandika kirefu kwa faida ya wote wenye 3.2 ya silinda tano.

Pampu yake ya oili ikikaukiwa inashindwa kunyonya tena. Ukifungua nati ya sampo ukaenda kunywa chai, umeiua. Ford wenyewe wanataka oili isiachwe ikichuruzika zaidi ya dakika 10. Kwa hiyo: filta mpya na oili, lita 9.75, ziwe tayari pembeni kabla hujagusa nati. Injini iwe ya moto kiasi ili oili ishuke haraka. Fungua, subiri dakika zisizozidi kumi, funga, jaza hapo hapo. Washa bila kukanyaga mafuta. Taa ya oili isipozima ndani ya sekunde chache, zima. Usikanyage "ili oili ipande", haipandi, unasaga beringi kavu. Hapo pampu inatakiwa ijazwe oili kwanza.

Na gari inayopungukiwa kulanti (maji ya kupozea injini) bila tone lolote chini, shuku kipoozeo cha EGR, kile kinachopoza moshi unaorudishwa kwenye injini. Kikipasuka ndani, maji yanaingia upande wa moshi: mvuke mweupe asubuhi, na tangi la kulanti linajaa presha. Usisubiri geji ya joto. Geji za magari ya siku hizi hukaa katikati hata joto likipanda kiasi, na kulanti ikiisha kabisa hata kihisio kinapima hewa. Kengele ya kulanti kupungua ni kifaa kidogo, kinaokoa silinda hedi.

Beringi

Halafu kuna Ranger ya 2.0. Mwanzoni ilikuja na mkanda wa taimingi unaozunguka ndani ya oili. Oili isiyo sahihi inaula mkanda, makombo yanaziba chujio la pampu. Yaani mwisho wake ni ule ule wa 1KD, kwa njia nyingine. Oili iwe ya vipimo vilivyoandikwa kwenye kitabu cha gari, si "15W-40 ya dizeli yoyote".

Kuhusu nembo: BT-50 ya Mazda ya 2011 hadi 2020 ni Ranger yenye sura nyingine, na ya kuanzia 2020 ni D-Max. Amarok mpya ni Ranger, inatoka kiwanda kimoja nayo pale Silverton, Pretoria. Ile pikapu ya Mercedes, X-Class, chini ni Navara. Anayeapa kwamba "Isuzu kamwe, Mazda tu" huenda amekwishakaa kwenye Isuzu bila kujua.

Springi_Saba

@Beringi umemaliza maneno. Wenye L200 na Navara mbona kimya?

Beringi

L200 ya 4D56: mikanda ni *miwili*. Mmoja wa taimingi, mwingine mdogo wa shafti za mizani. Mafundi wengi wanabadilisha mkubwa, mdogo wanauacha kwa kuwa "hauna kazi". Mdogo ukikatika unajiviringisha kwenye mkubwa na kuuvuta, valvu zinagongana na pistoni. Badilisha yote miwili kwa pamoja, na tenshena zake, kila kilomita 90,000. Anza ukaguzi na uvujaji wa oili: oili ikivuja kwenye sili za mbele inalowanisha mikanda, na mkanda uliolowa haufiki hizo 90,000.

Navara D40 ya YD25, za miaka ya mwanzo hasa: cheni ya juu ni ya safu moja, inarefuka. Mlio wa kukwaruza mbele ya injini ndio onyo lako. Dawa ni seti ya cheni ya safu mbili na gia zake, si kubadilisha cheni peke yake. Kama imeagizwa kutoka Uingereza, lala chini uangalie chesisi kwa nyundo ndogo, nyingi zilioza kwa chumvi ya barabarani na nyingine zilikatika.

Mzigo_Tani

Mnaongea injini tupu. Mbona Hilux za miraa zinapiga Meru hadi Nairobi kila siku na hazifi?

Nozeli_Kavu

Injini isiyopoa, inayokwenda masafa marefu na kubadilishiwa oili mara kwa mara ndiyo inayoishi raha. Ya mjini, ya kilomita tatu tatu na foleni, ndiyo inayokusanya masizi. Angalieni 1GD na 2GD, injini za Hilux zilizofuata, zenye chujio la masizi kwenye ekzosi: Australia Toyota ilishitakiwa na wenye magari ya 2015 hadi 2020 kwa sababu chujio lilishindwa kujichoma na kuziba. Ukiagiza Hilux ya aina hiyo kwa safari za sokoni na kurudi, unaagiza matatizo.

Na ile Hilux iliyozamishwa na kuwekwa juu ya jengo lililobomolewa kwenye televisheni ya Uingereza ilikuwa ya 1988, haina kompyuta. Isitumike kuuzia watu 1KD.

Mzigo_Tani

Haya, basi kwenye mzigo nina neno. Dabo kebini yoyote, bodi yake imepita nyuma ya ekseli. Mifuko ya saruji ikipangwa kwenye mlango wa nyuma, chesisi inapinda pale nyuma ya kebini. Hakuna nembo iliyosamehewa. Kizito kiegemee kebini. Kuongeza jani la springi kunainua gari, hakuongezi uwezo wa chesisi wala wa breki. Na baada ya kazi yoyote ya springi, kaza tena yubolti (bolti za U zinazofunga springi kwenye ekseli) ukishatembea kilomita 500. Zikilegea, pini ya katikati inakatika na ekseli inahama.

Anayetaka mzigo na porini bila kompyuta, Land Cruiser 79 ya 1HZ: lita 4.2, pampu ya kawaida, mkanda kila 100,000. Msiifunge tabo (turbo) ya mtaani na kuifungulia mafuta, silinda hedi yake inapasuka kwenye vyumba vya mwako wa awali.

Mgeni_wa_Dizeli

Wakuu, kupima nozeli za 1KD kwa kompyuta kunafanywaje? Fundi kanisomea namba tu akasema "moja mbovu".

Nozeli_Kavu

Injini iwe na joto la kazi, kulanti 80°C kwenda juu. Zima AC, gia iwe huru, usikanyage mafuta. Fungua orodha ya "Injection Feedback" ya silinda moja hadi nne. Namba hasi maana yake kompyuta inapunguza dizeli kwa sababu nozeli hiyo inatoa nyingi. Namba chanya, inaiongezea. Ikivuka 3 upande wowote, itoe ipimwe kwenye mashine.

Lakini usinunue bado. Kompyuta inasawazisha kwa kuangalia mwendo wa kranki, kwa hiyo silinda yenye kompresheni dhaifu nayo itaonekana kama nozeli mbovu. Hamisha nozeli inayoshukiwa kwenda silinda nyingine, na washa mpya, na uingize upya zile namba zilizochongwa juu ya nozeli kwa kila silinda uliyogusa. Soma tena. Namba mbaya ikiifuata nozeli, nunua nozeli. Ikibaki kwenye silinda ile ile, tatizo liko chini, valvu au pistoni, na nozeli mpya itakuwa hasara.

Mgeni_wa_Dizeli

Ya silinda ya 2 ilikuwa 4.1. Hakuhamisha.

Nozeli_Kavu

Basi usilipe bado. Mwambie ahamishe ya 2 kwenda ya 4, kisha uweke namba zote nne hapa.