Romeo na Juliet: walikuwa wameandikiwa, au walijitakia?

Mwana Himbi: Mdogo wangu amepewa swali hili shuleni. Shakespeare, mwandishi wa tamthilia hiyo, anasema mapema kabisa, kabla hata hadithi haijaanza, kwamba nyota za hao wapenzi wawili zilikuwa mbaya. Mimi naona haraka tu. Jumapili usiku wanaonana, Jumatatu wamefungishwa ndoa, Alhamisi alfajiri maiti. Kama vijana wa Bukavu, si sisi wa Goma.

Yaya wa Kadutu: Vijana wa Bukavu wamekukosea nini? Kwetu binti haendi kwa bwana bila wazee kukaa. Goma ndiko watu wanazaa wawili watatu ndipo wanakumbuka mahari.

Papa Birere: Na mahari yenyewe mnavyoiomba! Mimi nimeona orodha ya huko, imepigwa kwa kompyuta: ng'ombe, mbuzi, suti ya baba, kikwembe cha mama, kikwembe cha shangazi, blanketi la bibi, na chini kabisa "mengineyo". Mengineyo ni nini?

Yaya wa Kadutu: Mengineyo ni faini ya wanaume wenye mdomo.

Mwana Himbi: Jamani, tulikuwa Verona, mji wa Romeo na Juliet.

Mama Katindo: Mimi nanyamazishwa na ile barua. Padri Laurence anamtuma mwenzake Mantua, mji alikokimbilia Romeo, amwambie kwamba Juliet amelazwa na dawa tu, hajafa. Mwenzake anafungiwa ndani ya nyumba kwa hofu ya tauni, barua haifiki. Hapo nani alichagua? Mmesahau 2019, Ebola ilipoingia Goma, tulivyokuwa tunapimwa joto na kunawa klorini kila tukivuka Petite Barrière, mpaka wetu na Rwanda?

Papa Birere: Mama, Balthasar, mtumishi tu, alitoka Verona akafika Mantua salama na habari ya msiba. Njia ilikuwa wazi. Padri alimtegemea mjumbe mmoja kwa jambo la kufa na kupona.

Mama Katindo: Usiwaguse mapadri. Wamekusomeshea watoto.

Papa Birere: Nimewagusa wapi?

Avokati wa Ibanda: Mnaruka kitu kikubwa. Juliet hajatimiza miaka 14! Hata Sheria yetu ya Familia hapa Kongo, ya 1987, iliyomruhusu msichana kuolewa na miaka 15, ingemkatalia. Tangu 2016 ni 18. Mzee Capulet, baba yake, anamtoa kwa Paris, bwana asiyemtaka, halafu anaivuta harusi kutoka Alhamisi hadi Jumatano, na mtoto anakunywa ile dawa ya usingizi siku moja kabla ya ile iliyopangwa. Nyota gani hapo? Ni baba.

Papa Birere: Alikuwa na njaa ya mahari, huyo. Mtu wa Bukavu kabisa.

Avokati wa Ibanda: Papa, kule Italia zamani zile baba wa binti ndiye aliyetoa mali.

Papa Birere: Kumbe! Nina wavulana wanne hapa. Nionyesheni njia.

Yaya wa Kadutu: Maliza kwanza ya mama yao. Si wewe uliyeandika hapa mwezi jana kwamba wakwe bado wanakudai ng'ombe?

Papa Birere: Huyo ng'ombe alikufa njiani. Hayo ndiyo majaliwa, waulize wazee.

Yaya wa Kadutu: Ng'ombe wa siku hizi wanalipwa kwa dola, Papa. Dola ilikufa ugonjwa gani?